Baridi ya Jairus

Friji aliyotumiwa Wakhungu na mdogo wake ilitaka volti mia moja na ishirini. Ukuta wa nyumba yake Kitale, mtaa wa nyuma ya msikiti, ulikuwa na mia mbili na arobaini. Jambo hilo liliandikwa mgongoni mwa friji kwa Kiingereza, na Jairus, aliyeituma, alijua kusoma.

Wakhungu aliuza maziwa ya mala, yale yaliyochachushwa. Mwaka wa 2004 Jairus alipiga simu kutoka Amerika akasema figo zake zimekufa na hospitali za huko hazina huruma. Wakhungu alikwenda Malakisi, upande wa Bungoma, akauza shamba la mama yao na kaburi la mama likiwa ndani. Pesa zote zikaenda za upasuaji. Jairus akapona, akatuma friji kusema asante.

Hamdun, fundi wa stima, alishika plagi yenye meno mawili bapa.

"Mzee, hii si Ex-UK, zile za Uingereza zenye stima kama yetu. Ni ya Amerika. Stima yetu itaichoma."

"Ng'ambo ni ng'ambo, bana. Kata hiyo kichwa, weka yetu."

Hamdun alikata, akafunga plagi ya meno matatu, akawasha.

Friji haikuungua. Ilinguruma, ikanuka kama nywele zilizoguswa na moto, ikatulia. Wakhungu alipofungua mlango aliona jikoni kwa Jairus. Hamdun alichungulia na kueleza kwamba nguvu ikizidi lazima iende mahali, na hii ilirudi ilikotoka. Kisha alikusanya vyombo vyake, maana alikuwa anangojewa kwingine.

Kitale ilikuwa alasiri. Kule ilikuwa asubuhi. Jairus alisimama kwa vesti akila paja la kuku, nyuma yake kuna friji mpya ya milango miwili.

"Eh, mkubwa," alisema. "Umewasha bila transfoma."

"Hukuniambia transfoma."

"Si imeandikwa hapo nyuma."

"Inua hiyo vesti."

Jairus aliinua. Alikuwa na tumbo la mtu anayekula vizuri. Mbavu za pande zote mbili zilikuwa laini, hakuna kovu.

"Figo je?"

"Figo ziko sawa." Jairus alitafuna akameza. "Nilikuwa namalizia hii nyumba. Ningekuambia ni nyumba, ungeuza?"

"Hapana."

"Si unaona."

Wakhungu alitazama nyumba. Ilikuwa nzuri. Sakafu ilikuwa ya mbao, inang'aa.

"Aliyenunua shamba amelima mpaka juu ya mama," alisema. "Ameweka tumbaku."

"Tumbaku inakubali pale," Jairus alisema. "Sasa funga mlango, mkubwa, baridi inatoka."

Wakhungu alifunga. Kesho yake alipanga chupa za mala ndani, kwa sababu mala haingoji, na baridi ilikuwa nzuri kweli. Khairunisa, jirani yake, alikuja kununua. Ndani ya friji alimwona mke wa Jairus akipangusa meza, wakasalimiana, akauliza habari za watoto. Watoto walikuwa wazima. Baada ya wiki moja walikuwa wamezoea kunyoosha mkono kutoka upande wao na kuchukua chupa mbili kila asubuhi yao. Walisema ni kali kidogo, lakini walimaliza.

"Waambie waache," Wakhungu alimwambia Jairus.

"Si ni watoto wako hao? Utanyima mtoto maziwa?"

Hakuwanyima. Bili ya stima ilipokuja ilikuwa ya nyumba mbili. Alipoipeleka ofisini waliikagua mita, wakasema mita haina shida.

Friji yenyewe ilikuwa zawadi. Gharama yake ni hii: shamba moja la Malakisi. Migomba aliyopanda mama. Kaburi lake. Stima ya jikoni mbili. Mala, chupa mbili kwa siku. Ndugu mmoja, mzima, na figo zake mbili.