Fundi Saa Hakimbizwi

Tangu kiharusi kimpige, fundi saa alibakiwa na maneno ya kuhesabika: chai, mke, saa. Leo mtaalamu wa usemi alimwekea picha mbili mezani.

"Mbwa anafukuzwa na paka. Ni ipi?"

Akamsubiri kidogo tu, akashika kalamu, akaandika, kisha akamgeukia mke wa fundi. "Sarufi imefutika kichwani, mama."

Mke akasogeza kiti karibu na mumewe. Kama imefutika, nyumbani ataongea na nani, ukuta?

"Ngoja kwanza, mwanangu. Huyu hata nilipomwambia nina mimba, alimaliza kukaza skrubu ndipo akageuka."

Wakangoja. Kidole cha fundi kilitangatanga juu ya picha. Mwisho kikatua kwenye picha yenye paka nyuma, mbwa mbele akitimua mbio.

"Mbwa... aibu," fundi akasema.

Mtaalamu akafuta alichoandika.