Siku ya Kutia Dole

Watu wanne wameshakuja kunihoji juu ya kifo cha mke wangu. Wa kwanza alitoka gazetini, wa pili redioni, wa tatu alikuwa padri, wa nne wakili wa kijiji. Wote niliwapa maneno yale yale, na wote walitikisa vichwa mahali pale pale. Ikishapita miaka kumi na tisa unasema habari yako kama unavyokama ng'ombe: mikono inajua yenyewe, wewe unaweza kuwaza mengine.

Maneno yenyewe ni haya. Asubuhi ya siku ya kutia dole, mke wangu 'Mapuseletso aliamka anatoka damu, mimba ikiwa ya miezi saba. Wakubwa wa bwawa walikuwa wameita baraza kwa chifu saa nne. Kila mwenye shamba litakalofunikwa na maji aje mwenyewe atie dole gumba. Asiyefika, shamba lake limekwenda bure. Farasi nilikuwa naye mmoja. Nikaondoka naye. Wakubwa wakafika saa nane, na magari yao ya vioo vyeusi, wakatushikilia mpaka jua likazama. Niliporudi mke wangu hakuweza hata kukaa juu ya farasi. Maji ya bwawa yalikuwa yameanza kupanda, yamekimeza kivuko cha mto cha kwendea zahanati, na daraja walilotuahidi lilikuwa bado liko midomoni mwao. Tukambeba kwenye blanketi kuzunguka mlima. Akafa kabla hatujaliona paa la zahanati. Tulimzika Jumamosi, tukachinja, tukala nyama isiyotiwa chumvi kama inavyotakiwa, wakubwa wakatuma shada la maua ya plastiki.

Maua yale ninayo mpaka leo. Daraja sina.

Wa tano alikuja Agosti, na upepo ule unaopasua midomo. Msichana wa chuo huko Maseru, anaitwa Nthabeleng. Alisema anakusanya maisha ya watu waliohamishwa na maji. Nikamkaribisha ndani karibu na jiko, ambapo binti yangu Puseletso alikuwa anasonga sima. Puseletso alikuwa na miaka sita mama yake alipokufa. Sasa ndiye katibu wa kamati yetu, na ofisi za wakubwa anaingia bila kubisha hodi. Ukali huo aliunyonya kwenye maneno yangu. Mashamba yamekwenda, mke amekwenda. Kilichobaki ni binti anayeniamini.

Jirani yangu Khoboso naye akaja kuota moto. Khoboso haalikwi, hutokea, na huanza na Ntate, yaani baba, kama ilivyo adabu ya kwetu.

"Ntate Sekhonyana, leo unapigwa picha? Ungenyoa basi, unafanana na beberu wa chifu."

"Hapigwi picha, Ntate Khoboso," Puseletso akasema. "Anarekodiwa sauti."

"Afadhali. Sauti haionyeshi mapengo."

Nthabeleng akaweka simu yake mezani, akaniomba nianze. Nikashika maneno yangu: "Asubuhi ya siku ya kutia dole..."

"Samahani, Ntate. Huko tutafika. Mama yako alikuwa mtu wa namna gani?"

Wale wanne walianzia kwenye damu. Huyu alianzia kwa mama yangu. Akaniuliza nilichunga kondoo wa nani, viatu vya kwanza nilivaa lini, kule migodini nililala bweni moja na kina nani. Akafika kwa mke wangu.

"Alikuwa anachekaje?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. "Kwa pua," nikasema. "Alikuwa anazuia kicheko, halafu kinatokea puani, kama farasi. Akiona haya anajifunika na shuka."

Puseletso akaacha mwiko. Hakuwa anajua. Kumbe nilimnyima hata hilo. Nilimpa kifo cha mama yake tu, na hicho nilimpa kila wiki.

"Na siku ile," Nthabeleng akasema, sauti ile ile ya kuulizia viatu, "ulikula nini?"

"Hakula kitu," Puseletso akamjibu. "Wakubwa waliwashindisha njaa kutwa nzima. Andika hivyo hivyo."

"Dada yangu, nilimuuliza mzee."

"Mambo ya chakula ya nini?" Khoboso akadakia. "Wewe binti ni nesi? Uliza bwawa! Muulize daraja liko wapi!"

Simu ilikuwa pale mezani na kitaa chake chekundu. Nilitafuta maneno yangu, sikuyaona. Katika maneno yangu mlikuwa na damu, farasi, magari, mto. Chakula hakikuwamo. Nilikuwa nimekitoa kwa mkono wangu, na mahali nilipokitoa palikuwa pabichi.

Nikamtazama binti yangu. Nilijua ninachokitupa.

"Nilikula nyama," nikasema.

Puseletso hakugeuka.

"Wakubwa walifika saa nane, hilo ni kweli. Lakini saa tisa sote tulikuwa tumeshatia dole. Walikuwa wamekuja na ng'ombe dume, wakachinja, ili tusahau tulichokitia dole. Kwetu nyama ya baraza inagawiwa kwa umri, chifu kwanza, sisi wa rika langu mwisho. Anayeondoka kabla ya fungu lake amemtukana chifu. Ningeweza kujificha hapo. Lakini hakuna aliyenishika, mwanangu. Farasi wangu alikuwa amefungwa hatua ishirini tu. Nilikuwa na hamu ya nyama. Na pombe ilikuwepo. Khoboso huyu alimuiga mkubwa mmoja anavyobeba kitambi, nikacheka mpaka nikamwaga kata. Mke wangu anatoka damu, mimi nacheka. Mpaka jua likazama."

Khoboso akasimama. "Sekhonyana! Miaka yote hii nimekufunika!"

"Najua. Ulikaa karibu nami, ulikuwa unajifunika na wewe."

"Na watu wa bwawa wakisikia? Watasema, mnaona, alikuwa anakula!"

"Watasema. Ng'ombe yule walimchinja kwa kazi hiyo."

Akavuta blanketi lake mabegani, akatoka. Mlango aliuacha wazi, baridi ikaingia.

Nthabeleng akanyoosha mkono kwenye simu.

"Usizime," Puseletso akasema. Akaja akakaa mbele yangu, mikono ina unga. "Uliniletea kipande. Ndani ya blanketi."

"Nilikuletea."

"Nilikula. Nilipokua nikajiambia ilikuwa nyama ya mazishi, mtoto huchanganya siku. Lakini nyama ya mazishi haina chumvi. Ile ilikuwa na chumvi, Ntate. Naikumbuka mpaka leo kwenye ulimi. Nimekusikiliza ukiwaambia wale wanne, mmoja mmoja, nasubiri."

Niliyemdhania anaamini alikuwa ananilinda, tangu lini sijui.

"Ulipoingia, mama alikwambia nini?"

Hilo ndilo nililolitia ndani kabisa, chini ya nyama.

"Aliniuliza wakubwa wameondoka saa ngapi. Nikamwambia, sasa hivi tu. Akasema, 'Masikini, utakuwa na njaa.' Akakwambia unipakulie sima."

"Nilikupakulia."

"Nikaila. Ili asijue nimeshiba."

Kwa hiyo mtu wa kwanza kupewa maneno yangu alikuwa mke wangu. Gazeti na redio walikuja baadaye.

Sima ilianza kuungua chini ya sufuria na hakuna aliyeinuka. Mwishowe Nthabeleng akauliza taratibu kama ningependa afute sehemu yoyote.

"Usifute. Nyama niliila mimi. Daraja walilila wao. Yaandike yote mawili, na usiyachanganye, maana wao watataka kuyachanganya. Kama daraja lingekuwepo, hata saa ile ya kushiba kwangu tungemfikisha."

Akaitikia kwa kichwa, akaondoka kuwahi gari la mchana.

Puseletso akapakua. Akaweka sahani yangu mezani, akachukua yake, akaenda kukaa mlangoni, mgongo kwangu, uso kwenye maji yale yaliyofunika mashamba yetu. Nikamega sima, nikachovya kwenye mboga.

Haikuwa na chumvi.

Nilikula yote. Sikuuliza.