Sahani Iliyofunikwa

"Soksi, Fundi! Soksi! Mwanamume gani mwingine anavua soksi, anazinusa, halafu anazikunja vizuri kama anazirudisha dukani? Ni mume wangu yule! Umetuanika!"

Jengo zima lilimwita Redio, kwa kuwa hakuna aliyewahi kukiona kitufe cha kumzimia. Alisimama mlangoni kwake, mikono kiunoni. Fundi alisimama mlangoni kwake, funguo mkononi, na katikati yao palikuwa na hatua tatu za sakafu na jozi moja ya ndala.

"Sikusema neno la soksi," Fundi alisema.

"Hukusema! Watu wa filamu walishinda kwako wiki mbili. Mlikuwa mnazungumza nini, hali ya hewa? Leo mtaa mzima umekaa ukumbini pale shuleni, unamtazama mume wangu ukuta mzima!"

Sauti ya kiume ikatoka ndani kwa Redio, ya mtu aliyejilaza. "Mama, mimi mwenyewe sikujiona. Yule ana nywele."

"Nyamaza wewe! Hapa unatetewa!"

Siku nyingine Fundi angecheka mpaka ajishike mbavu. Ila tangu amzike mumewe, kicheko na kilio vilikuwa vimehama pamoja, kama wapangaji waliokubaliana gari moja. Ni miezi tisa sasa. Watu walikuja msibani wakamtazama usoni wakisubiri, akawapa viti. Aliyeleta rambirambi alishukuriwa, aliyelia alibembelezwa. Yeye mwenyewe macho makavu. Siku ya tatu baada ya mazishi alikaa kwenye cherehani, akamalizia sare za shule alizokuwa ameahidi, na binti yake wa pekee akasimama nyuma yake akasema, "Baba hata udongo haujamkauka, wewe unashona?" Fundi akakanyaga cherehani.

Basi, toka hapo nyumba ile ilikuwa na watu wawili na maisha mawili. Binti alifanya kazi kwenye kiwanda cha mikate, alitoka alfajiri na kurudi saa nane mchana. Fundi alipika, akampakulia, akafunika sahani kwa sahani nyingine, akaondoka saa saba na nusu kwenda kibandani kwake kushona. Jioni akirudi alikuta sahani zote mbili zimeoshwa na kuinamishwa. Mlango wa chumba cha binti umefungwa. Hapakuwa na ugomvi. Ugomvi ungekuwa afadhali, maana mtu hugombana na mtu.

Watu wa filamu walipokuja mtaani walikodi nyumba tupu pale kona, wakataka mtu wa kuzeesha nguo. Yaani nguo mpya, zionekane zimevaliwa miaka kumi. Kazi hiyo Fundi aliiweza kuliko wote. Alifua kila shati mpaka likalegea, akasugua viwiko kwa tofali, halafu akafumua kola, akaigeuza upande uliochakaa uende chini, akaishona upya. Ndivyo alivyokuwa akiyafanya mashati ya marehemu.

Mwenye filamu, bwana mpole aliyeweka miwani kwenye paji la uso badala ya machoni, alikuja nyumbani kwake kuona kola inavyogeuzwa. Akauliza ya nini kazi yote hiyo kwa kitu kisichoonekana.

"Ukiwa na mke, shati lako linaishi mara mbili," Fundi alisema.

Yule bwana akatazama mezani. "Na hiyo sahani ni ya nani?"

"Ya binti yangu. Atakula akirudi."

"Mnakula pamoja saa ngapi?"

Fundi alikata uzi kwa meno, akakunja shati. Bwana naye hakurudia swali. Ndiyo siri yote aliyoitoa, na hata hiyo aliitoa kwa kunyamaza.

Asubuhi ya leo ndipo walipowaonyesha watu wa mtaa filamu yenyewe, bure, kwa shukrani. Watu walikwenda na watoto na mito ya kukalia, wakitarajia kofi, mama wa kambo, labda bastola. Wakaonyeshwa baba anayevua soksi. Mama anayekunja nguo. Binti anayefungua bomba, anangoja maji, hayaji. Hakuna muziki wa kukuambia sasa huzunika. Hakuna aliyemwambia mwenzake shida ni nini. Nyuma mtu akapaza sauti, "Peleka mbele kidogo!" watu wakacheka. Mwalimu mmoja mstaafu akasinzia na kuamka mara mbili, na kila alipoamka alikuta watu wako palepale mezani.

Fundi mwanzoni alitazama mishono tu. Alikuwa na kawaida ya kuchomeka sindano kifuani mwa gauni, na kidole chake kilikuwa kikiichezea. Kola zake zilikaa vizuri. Mama wa kwenye filamu alikuwa mtulivu, na Fundi akamwelewa pasipo kuelezwa: yule mama hakukosa uchungu, alikosa mahali pa kuushikia. Akawaza, huyu bwana wa miwani amejuaje kwamba jambo kubwa nyumbani halina sauti? Filamu nyingine zote alizowahi kuona, watu walipiga kelele na yeye akatoka vilevile alivyoingia.

Kisha ikaja sahani. Mama akaifunika kwa sahani nyingine, akatoka. Fundi alidhani kamera itamfuata mama. Haikumfuata. Ilibaki.

Miezi tisa Fundi hakuwahi kujua nini kinatokea baada ya yeye kufunga ule mlango. Kichwani mwake binti alikula kwa hasira, amesimama, au alimwaga chakula na kuosha ushahidi. Kwenye ukuta ule binti wa filamu aliingia, akafunua, akakaa kwenye kiti cha mama. Si chake, cha mama. Akala taratibu. Alipomaliza aliuvuta mtandio wa mama uliotundikwa nyuma ya kiti, akaufutia mdomo, akabaki ameushika.

"Sasa huyu anakula tu?" mtu akalalamika.

Fundi hakulia hata hapo. Alijiambia kwamba mwenye filamu alibuni, hakuwahi kuwapo saa nane. Lakini alikumbuka kwamba mtandio wake wa nyumbani kila jioni aliukuta umekunjwa, na yeye si mtu wa kukunja mtandio.

"Na ile sahani!" Pale mlangoni Redio alikuwa hajamaliza. "Kufunika sahani kwa sahani, nani hajui ni mimi? Mume wangu anachelewa, namfunikia! Hiyo pia ulienda kuwamwagia!"

"Ile ni yangu," Fundi alisema.

"Eti?"

"Sahani. Ni yangu mimi. Soksi sijui, shoga, labda wanaume wote wananusa. Sahani ni yangu."

Redio alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu ahamie jengo lile akaufunga bila kuutumia. Akamtazama jirani yake. "Una damu," alisema kwa sauti ndogo. "Gaunini hapo."

Fundi akaangalia. Tone limekauka kifuani, na ncha ya kidole ina tundu la sindano. Hata hakusikia ilipoingia.

Ngazi zikalia. Saa nane hiyo, na Fundi alipaswa kuwa kibandani. Binti alitokeza kwenye kona, unga wa ngano mikononi mpaka kwenye viwiko, akamwona mama yake mlangoni, akasimama ngazi ya mwisho mguu mmoja juu.

"Shikamoo, mama jirani," akamwambia Redio.

"Marahaba, mwanangu." Redio alimtazama huyu, akamtazama yule, akaokota ndala zake. "Mimi nina mtu wa kumtazama soksi," akasema, akaingia kwake, akafunga mlango polepole. Hakuna shaka alibaki nyuma yake, sikio kwenye mbao.

Binti alitazama sakafu. "Huendi kazini leo?"

Lilikuwa swali la kwanza tangu sare za shule.

"Nitakwenda nikishakula." Kidole kilianza kuuma, kidogo kidogo, kama mguu ulioanza kuamka. Fundi akasukuma mlango wazi na kusogea pembeni. "Leo sijakufunikia. Chakula kiko kwenye sufuria. Ingia, mwanangu, tule."