Mkono wa Vunjajungu

Wenyewe walijiita Waombezi. Sisi wa Ujiji tuliwaita vunjajungu siku ileile maboti yao yalipofika kutoka ng'ambo ya ziwa, kwa sababu walifanana na mdudu huyo: kijani, warefu kama milango, mikono imekunjwa kifuani muda wote utadhani wanasali. Watu wenye bunduki walikuwa wamechoma msitu wao. Wakawekwa uwanjani Buzebazeba, karibu na nyumba yangu, wasubiri malori ya kwenda kambini.

Na kila mtoto wa hapa anajua: ukimgusa vunjajungu, chombo cha kwanza utakachoshika kitavunjika. Mtaa mzima tunapikia sufuria za sokoni Mwanga, hata uzirushe hazipasuki, lakini tuliogopa kwa ajili ya vyungu tusivyokuwa navyo. Mimi nilikuwa nacho kimoja, cha marehemu mama. Nakitaja msije mkaniona mjinga kuliko wenzangu.

Kiongozi wao wa dini, Mwombezi Mkuu, alishuka botini amembeba binti yake aliyefia njiani. Maiti zao hazinuki. Hukauka tu, zikawa nyepesi kama maganda ya karanga. Dini yao ilimkataza kumzika ugenini mpaka mtu aliyezaliwa kwenye ardhi ile amshike mkono na kumwambia, "Mlaze." Alianza kwa mwenyekiti wa mtaa, Bonifasi, ambaye alimpa pole kutoka upande wa pili wa barabara. Siku tatu akapita nyumba kwa nyumba. Tulimpa uji, tulimpa mkeka, tulimpa blanketi. Sisi ni wakarimu sana, mtu asitusingizie.

Siku ya nne akafika kwangu. Mwezi wa Shaabani ulikuwa unaisha, kesho yake tunavunja jungu kabla ya kufunga, na jirani yangu Hadija alikuwa uani akinisaidia kuchambua mchele.

"Shikamoo, mama," alisema yule mzee, na mimi ni sawa na mwanawe. "Mwenye ardhi ndiye mkubwa wangu leo."

"Shoga, usimguse," Hadija alininong'oneza. "Una wageni kesho."

Binti alikuwa begani kwake, uso umefunikwa jani la mgomba. Nilimwonea huruma, wallahi. Nikajizungushia ncha ya khanga kiganjani, nikanyoosha mkono.

Aliutazama. Macho yao hayana kope, huwezi kujua kama yanalia.

"Mama, hiki ni kitambaa," alisema taratibu. "Mimi niliomba ardhi."

"Mzee, nina chungu cha mama yangu," nilimjibu. Mbele ya maiti ya mtoto, nilitaja chungu.

Akaniomba radhi kwa kunisumbua, akaondoka. Jioni malori yakawachukua wote.

Baada ya Idi nilimuuliza Elikana, dereva wa lori la kambini, kama yule binti alizikwa.

"Bado, dada. Mzee anaye hemani. Kila Muha mwenyeji anayepita na kuni, mzee anamwomba mkono."

"Wanampa?"

"Wanampa kuni."

"Na wewe, si Muha?"

Elikana akashughulika na usukani. Kisha akasema ni mwendo wa saa tatu, kesho asubuhi anakwenda, na kiti kipo. Nikamwambia nitamjulisha. Huu ni mwezi wa pili. Kila akipita anapiga honi mlangoni kwangu, nami najifanya sisikii.