Sauti ya Révérienne

Jumamosi asubuhi Semeni alipaka povu la sabuni ya mche kwenye nywele za rafiki yake Révérienne mpaka zikasimama wima. Watu wa mtaa wa Gungu, alikoishi Semeni, waliijua panki kama mtindo wa nywele kwa kinyozi kabla ya kuisikia kama muziki kwenye gita, kwa hiyo hakuna aliyegeuka wasichana hao walipopita na ngoma zao za madebe ya mafuta ya msaada. Nyuzi za gita zilikuwa waya za breki ya baiskeli. Kupiga hawakujua sana, ila kelele walikuwa nazo za kutosha.

Wimbo wao mkubwa uliitwa "Sitaki". Révérienne aliutunga lilipotoka tangazo kwamba wakimbizi Warundi wa kambini watarudi kwao kwa hiari. Yeye alizaliwa kambini. Burundi aliijua kwa masimulizi ya bibi yake tu, na aliiogopa. Wakaupiga sokoni Ujiji, kisha kambini, ambako akina mama waliacha foleni ya mahindi wakaitikia. Jioni mkuu wa msafara wa kuwarudisha Warundi akachukua gita, akapiga marufuku sauti ile.

Alfajiri ukungu wa ziwa ulipanda hadi kambini, ukinuka migebuka mibichi ya wavuvi. Révérienne alipotaka kumwamkia bibi yake, akakuta hana sauti. Bibi alimchungulia kooni.

"Imetoka," alisema. "Kunywa uji, mwanangu."

Kwenye malori ya kwenda Burundi, mkuu wa msafara alifungua mdomo asome tangazo. Ikatoka sauti ya Révérienne, "Sitaki! Sitaki!", pamoja na madebe na gita. Kambi nzima ikasikiliza. Semeni, aliyekuja kuaga, aliona aibu kidogo kwa sababu nyuzi zilikuwa zimelegea. Mkuu alijaribu tena, akaimba ubeti wa pili huku jasho likimtiririka. Kisha akafuta mdomo kwa leso, akaonyesha malori kwa kidole.

Watu wakaanza kupanda. Karani alimuuliza kila mmoja kwa upole, na Révérienne pia.

"Dada, unakubali kurudi?"

Révérienne alifungua mdomo. Akaufungua tena, machozi yakimtoka.

"Hataki huyo!" Semeni alipiga kelele kutoka nyuma ya kamba ya kuwazuia wasiosafiri. "Si mmesikia wote?"

"Tumemsikia mkuu," karani alijibu. "Huyu hajakataa."

Akamshika bibi mkono apande kwanza, kisha mjukuu, akafunga bodi ya lori.