Kazi Isiyo ya Serikali

Bwana Hesabu hakuwa mtu mbaya. Nalisema hilo mapema, maana ulimi wangu ni mkali na unaweza kudhani namchukia. Alikuwa Mwingereza mrefu, aliyetumwa kutoka Dar es Salaam kupima ukubwa wa serikali katika uchumi wa nchi: katika kazi zote wanazofanya watu, sehemu gani ni ya serikali. Jina la Hesabu tulimpa sisi. Mimi, Sostenes, nilikuwa mkalimani wake, na tulianzia kijiji cha Haneti, upande wa Dodoma.

Mvua ya kwanza ilikuwa imekwisha kunyesha. Siku hizo kila mtu angekuwa shambani, lakini mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo: jumbe alikuwa amewachukua wanaume wote kwenda kuchimba barabara. Tulimkuta Kuluthumu, Mrangi aliyehamia pale na mumewe kutoka Kondoa, akipanda mtama peke yake na mimba yake kubwa. Udongo wa Haneti haumsubiri mtu. Ukikauka kabla ya kupanda, mwaka huo ni njaa.

"Shikamoo, Bwana," alisema Kuluthumu.

"Marahaba, mama. Mume yuko wapi?" Bwana alijua Kiswahili cha salamu, kilichobaki kilikuwa changu.

"Abbasi yuko kwenye kazi ya serikali. Anachimba barabara."

Bwana akataka kujua analipwa nini.

"Alipwe?" Kuluthumu akacheka bila furaha. "Malipo yake ni kutofungwa."

Bwana akaniambia nimweleze kwamba kipimo chake kinahesabu kile tu ambacho serikali inakilipia. Nikatafsiri kama nilivyoajiriwa. "Anasema kama halipwi, hiyo si kazi ya serikali."

Kuluthumu akasimamisha jembe. "Kasema yeye, au umesema wewe, kaka?"

"Yeye."

"Basi na aseme mwenyewe, nisije nikaambiwa nimezua."

Nikamwomba Bwana. Akavua kofia kwa adabu, akasema polepole, "Ndiyo, mama. Si kazi ya serikali."

Kuluthumu akalilaza jembe, akashika njia ya barabarani. Sisi tukaendelea na nyumba nyingine. Abbasi alinisimulia baadaye yaliyotokea huko. Mkewe alisimama mbele ya nyapara, wanaume wote wakisikia, akamwambia, "Serikali yenyewe imesema hii si kazi yake. Basi ni ya nani, yako?" Nyapara akaiona kofia ya Bwana kwa mbali, akaogopa, akawapisha. Sururu zikawekwa chini. Jioni ile Haneti nzima ilikuwa inapanda, na mimi nilifurahi mpaka nikaona haya kwa mshahara wa serikali niliokuwa naupokea.

Askari walikuja kutoka Dodoma keshokutwa yake kuwarudisha wanaume barabarani. Lakini mbegu zilikuwa tayari ardhini.

Abbasi alipopita mbele yetu na sururu begani, aliniita. "Kaka Sostenes, leo ni kazi ya serikali tena?"

"Leo ni ya serikali."

"Basi mwambie Bwana atuhesabu."

Nikamwambia. Uso wake ukawa mwekundu. Alisema anasikitika, ila kipimo ni kipimo. Nilikasirika, lakini nikatafsiri, maana nami nilikuwa nalipwa. Alipomaliza kujumlisha, serikali ya Haneti ilikuwa jumbe, karani wake, tarishi na mganga wa zahanati. Bwana alishangaa kuona ilivyo ndogo.

Tulikaa vijiji vya jirani mpaka barabara ikaisha, ndipo tukarudi Dodoma kwa kuipita hiyo hiyo. Gari letu halikukwama hata kwenye tope la mbuga. Kando ya njia mtama wa Kuluthumu ulikuwa umeota, kijani kitupu, na mwenyewe alikuwa akipalilia, mtoto mgongoni.

"Bwana," nikauliza, "kwa kipimo chako, barabara hii ilijengwa na nani?"



"Kwa kipimo changu," akasema, "haikujengwa."