Rilei Ndogo za Katikati

Kiwanda cha mafuta ya alizeti cha njia ya Pugu kilipofungwa, mafundi umeme wake wawili walikuwa mke na mume. Bakari alipata kazi Maskati kupitia kwa binamu yake. Zubeda akabaki Mbagala na mama mkwe, akikaanga vitumbua. Walikubaliana miaka miwili. Sasa ulikuwa mwaka wa nne.

Kisha kiwanda kikanunuliwa na mtu binafsi, na Zubeda akaitwa kazini. Alimkuta Injinia Benson, mtu wa Mbeya mwenye maneno machache, ameshafunga kontrola mpya kutoka Ulaya, kisanduku cha kijivu cha kuongoza pampu na boila badala ya swichi za mkono. Taa za kontrola ziliwaka vizuri. Lakini rilei za ndani ya paneli, zile zinazopokea amri na kuwasha mota, hazikusogea.

"Nimekagua nyaya zote, dada," Benson alisema. "Amri inatoka, mota haziwaki."

Zubeda akafungua mlango wa paneli. Kila waya ulikuwa umepindwa kwenye kona kama Bakari alivyopendaga, taratibu, bila kuuvunja, na juu yake kipande cha plasta chenye mwandiko wake. Akasimama na bisibisi mkononi mpaka Benson akamuuliza kama ameona hitilafu.

"Hapana. Naomba mita."

Wakapima. Kontrola ilitoa volti ishirini na nne. Rilei zile kuukuu zilitaka mia mbili na ishirini ndipo sumaku zake zivute.

Benson alishusha pumzi. "Niliyeagiza ni mie. Nilidhani na rilei ni za ishirini na nne. Tukiagiza nyingine, tutangoja miezi."

Zamani jambo kama hili wangelibishania na Bakari mpaka mezani, chakula kikapoa. Zubeda alitamani hata kupingwa.

"Tukiweka rilei ndogo katikati?" alisema mwishowe. "Za ishirini na nne. Kontrola ivute ndogo, halafu ndogo ipitishe mia mbili na ishirini iende kwa kubwa."

Benson alifikiri. "Ndogo zinakula umeme kidogo, kontrola itazimudu. Tujaribu."

Walizipata Kariakoo, kwa muuza vifaa vilivyotolewa kwenye mashine kuukuu. Zubeda alisoma maandishi ya kila moja, maana zilichanganyika na za volti kumi na mbili, ambazo zingeungua. Siku ya kuwasha, ndogo zililia kama mtu anayekata kucha, na kubwa zikafuata kwa kishindo. Pampu ikaanza kuvuta. Benson akacheka peke yake. Zubeda aliinamisha kichwa karibu na paneli, akasikiliza.

Meneja alimruhusu kutumia simu ya ofisini.

"Bakari, paneli inafanya kazi," alisema. Akamweleza yote.

Bakari akauliza, "Rilei ya pampu bado inatetemeka kidogo kabla haijashika?"

"Bado."

"Nilikuwaga naisikia hata usingizini."

"Meneja anatafuta fundi wa pili. Nimemtajia jina lako."

"Zubeda, hapa wameniongezea mkataba. Nyumba yetu bado haijaezekwa."

"Sikukuuliza habari za nyumba."

Simu ilikoroma. Bakari akasema atazungumza na bosi wake.

Alikuja mwisho wa mwaka, kwa likizo. Asubuhi moja aliomba kwenda kiwandani. Alisimama mbele ya paneli iliyofunguliwa, akiwa na saa mpya mkononi, akazitazama zile rilei ndogo zilizopangwa kati ya kontrola na kazi yake ya zamani. Zubeda alikuwa ameandika plasta zake mwenyewe.

"Umezifunga vizuri," Bakari alisema. "Mie nisingewaza hivi."

"Ungewaza. Tungebishana kwanza."

Bakari akatabasamu, akagusa waya mmoja, akaurudisha ulivyokuwa. Pampu ilipowaka wote wawili wakasikiliza. Alitaka kusema kitu, Zubeda aliona, lakini akauliza tu kama boila nayo inashika vizuri.

Likizo ilipokwisha alirudi Maskati. Zubeda alimsindikiza uwanja wa ndege, kisha akapitiliza kazini, kwa kuwa ni karibu. Benson alimpokea mkoba. Wakafungua paneli ya kinu cha pili cha kukamulia alizeti na kuanza kupima.